Kisiki Kabla ya Kaboni

Ukitoka Thika kwa barabara ya Garissa, mashamba ya mananasi yanaisha, mlima Kilimambogo unabaki upande wa kulia, na ardhi inaanza kukauka. Gatuanyaga, Ngoliba, kisha Yatta: udongo mwekundu, vichaka vilivyotafunwa na mbuzi, na migunga michache iliyosimama mbalimbali. Zamani nyika hii ilikuwa na miti mingi zaidi. Sehemu ya miti hiyo ililimwa, nyingine ikageuzwa nguzo za ua, na nyingine ilipita barabara hii hii ndani ya magunia ikielekea majiko ya Thika, Ruiru na Nairobi. Januari 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku uchomaji na usafirishaji wa makaa. Mwezi uliofuata lori la makaa liliteketezwa huko Kanyonyoo, na hasira ikafika hadi kwa wafanyabiashara wa Kiambu. Kisa hicho kilionyesha wazi kwamba miti ya nyika ina bei mjini kila siku ya juma, mradi imekatwa.

Siku hizi kuna watu wanaomwendea mwenye malisho na pendekezo jingine: apewe pesa kwa kuiacha miti irudi. Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Mti unapokua huvuta hewa ya kaboni, ile inayotoka kwenye magari, viwanda na mitambo ya umeme na kuipasha dunia joto, ukaihifadhi ndani ya shina, matawi na mizizi. Wataalamu hupima ni kiasi gani kimehifadhiwa, shirika la kuthibitisha hukagua, kisha hutolewa vyeti, kila cheti kikiwa cha tani moja ya hewa ya kaboni. Kampuni za ng'ambo zinazotaka kujieleza kwa uchafuzi wao hununua vyeti hivyo. Pesa, baada ya kukatwa gharama za wapimaji, wakaguzi na madalali, humrudia mwenye ardhi.

Ninaunga mkono wazo hili, lakini naamini wengi wameelezwa kinyumenyume. Wanaambiwa kwamba pesa za kaboni ndizo zitakazoleta msitu. Tukitazama yaliyotokea Afrika Mashariki kwa miaka arobaini, tunaona msitu wa asili ukirudi katika malisho makavu pale ambapo mfugaji mwenyewe anapata nyasi, kuni na nguzo kutokana nao, na yeye na jirani zake ndio wanaoamua mifugo iingie lini na itoke lini. Kaboni inaweza kumshika mkono katika miaka ya mwanzo, ambayo ndiyo migumu. Ikifanywa ndiyo nguzo ya nyumba, nyumba itaanguka.

Tuanze na mti wenyewe, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Neno msitu likitajwa, akili za wengi hukimbilia vitalu, miche na sherehe za upanzi. Tangu Desemba 2022, serikali ilipotangaza azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, tumeona miche mingi ikiingia ardhini. Katika nchi kavu mche una maisha mafupi: mizizi yake ni ya urefu wa kiganja, mvua zikikatika kwa wiki sita hauna pa kunywa, na mbuzi akiupata ameumaliza kwa kinywa kimoja. Wakati huohuo, hatua chache kutoka kwenye shimo la mche huo, kuna kisiki cha mgunga kilichokatwa miaka kumi iliyopita ambacho mizizi yake bado iko hai na imeshuka chini mbali. Kila msimu wa mvua kisiki hicho hutoa machipukizi ishirini au thelathini, na kila kiangazi mifugo huyatafuna yakabaki kichaka cha kufika gotini ambacho mpita njia hakihesabu kuwa mti.

Tanzania, katika mkoa wa Dodoma, njia ya kukiokoa kichaka hicho inaitwa Kisiki Hai. Mkulima huchagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, hukata mengine kwa panga kali au msumeno, hupogoa matawi ya chini ya yale yaliyobaki, kisha hufunga kitambaa chenye rangi ili mchungaji na mtema kuni wajue kwamba hapo pana mwenyewe. Baada ya hapo ni kulinda na kurudia kupogoa. Nguvu yote iliyokuwa ikigawanywa kwa vijiti thelathini sasa inakwenda kwa vinne, na mti huinuka upesi kuliko mche wowote kwa kuwa mizizi ilitangulia zamani. Huko Niger, katika eneo la Maradi, Mwaustralia Tony Rinaudo alianza kuhimiza njia ya namna hii mwaka 1983, na wakulima wakaieneza wenyewe hadi ikafikia takriban hekta milioni 5. Walitaka kuni, kivuli, lishe ya mifugo na mtama usiofunikwa na mchanga. Wakati huo hakukuwa na mtu wa kununua kwao cheti cha kaboni.

Sasa tufanye hesabu, maana ahadi nyingi za kaboni hutajwa kwa mamilioni ya tani na si kwa ekari. Tuchukue kwamba miti ya nyika inayorudi inaongeza tani moja ya mbao kavu kwa hekta kila mwaka. Katika mahali pakavu sana ongezeko huwa chini ya hapo, na palipo na mvua afadhali huwa juu yake. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, na kila tani ya kaboni ikiwa hewani ni sawa na tani 3.67 za hewa ya kaboni, kwa hiyo hekta hiyo imehifadhi tani 1.7 hivi. Kwa ekari moja ni kama tani 0.7. Mwenye ekari tano ana tani tatu na nusu kwa mwaka. Tani ikiuzwa kwa dola 10, amepata dola 35, yaani kama shilingi 4,500, na hapo hajakatwa hata senti ya gharama. Hiyo haifiki bei ya mbuzi mmoja aliyekomaa. Hata tukihesabu mizizi na kuizidisha bei mara mbili, bado hakuna atakayeuza ng'ombe wake kwa ajili ya fedha hiyo, wala atakayesomesha mtoto kwayo.

Hesabu hiyo isimkatishe tamaa msomaji. Imwonyeshe tu kwamba thamani kubwa ya msitu huo iko mahali pengine, na mahali pa kuitafuta ni Shinyanga. Usukumani miti ilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza kuangamiza mbung'o, baadaye kulima pamba, na mifugo ikaongezeka juu ya ardhi iliyobaki tupu. Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Mwanzoni wataalamu walihimiza upanzi wa miche na mafanikio yalikuwa haba. Mambo yalibadilika walipowageukia Wasukuma na desturi yao wenyewe ya ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zikianza, nyasi na miti vikakua bila kuguswa, kisha kikafunguliwa kiangazi kikikaza, hasa kwa ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Mwanzo wa mradi ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Kufikia 2004, mradi ulipofungwa, zilizidi hekta 300,000 katika vijiji 833.

Aliyelinda eneo lote hilo ni kijiji chenyewe. Hapakuwa na askari wa misitu wa kutosha wala uzio wa nyaya. Mkutano wa jadi, dagashida, uliweka sheria na faini, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakazisimamia. Kulikuwa na ngitili za familia na ngitili za kijiji, na kila mtu alijua mpaka wa kila moja. Wachumi walipochunguza faida zake wakati mradi ukikamilika, walikadiria kwamba mazao ya misitu hiyo (nyasi, kuni, nguzo, asali, dawa, matunda ya mwituni) yalikuwa na thamani ya takriban dola 14 kwa mtu kwa mwezi, katika nchi ambayo matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yalikuwa kama dola 8.50. Wanawake walipunguziwa saa nyingi za kutafuta kuni. Kasoro zilikuwepo na zisifichwe: mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa alifaidi zaidi, na asiye na ardhi alitegemea ukarimu wa ngitili ya kijiji. Hata hivyo msitu ulirudi, na haukurudishwa na soko la kaboni.

Mtu atauliza, basi miradi mikubwa ya kaboni hapa Kenya imetufundisha nini? Imetufundisha kwamba swali la ardhi ni ya nani hutangulia swali la tani ngapi. Ukanda wa Kasigau huko Taita Taveta, kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ulikuwa ranchi za ng'ombe zenye wanahisa wengi, na uchomaji makaa ulikuwa ukila vichaka vyake. Mwaka 2011 mradi wa huko, unaoendeshwa na kampuni ya Wildlife Works, ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake kupata vyeti vya shirika la Verra kwa kuzuia msitu usikatwe. Ukubwa wake unakaribia hekta 200,000. Ukubwa huo ndio unaoufanya uweze kulipa wakaguzi na walinzi na bado kubaki na kitu cha kugawa kwa wenye hisa na kwa miradi ya maji na karo. Mwenye ekari tano Ngoliba hawezi kuuiga kwa kupunguza tarakimu, kwa sababu ada ya mkaguzi haipungui kwa kuwa shamba ni dogo.

Kaskazini mambo yalikwenda vingine. Mradi wa kaboni wa malisho unaoongozwa na shirika la uhifadhi la NRT ulikusanya karibu hekta milioni 1.9 katika kaunti kadhaa, kwa wazo kwamba wafugaji wakifuata mpango mpya wa kuzungusha mifugo, udongo utahifadhi kaboni zaidi. Vyeti viliuzwa kwa kampuni kubwa za Marekani. Machi 2023 shirika la Survival International lilitoa ripoti kali, likisema kwamba wafugaji tayari walikuwa na utaratibu wao wa kuhama kufuata mvua na kwamba wengi hawakuelezwa walichokubali. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za huko, Biliqo Bulesa ikiwa mojawapo, zilianzishwa kinyume cha sheria bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Biliqo Bulesa ilikuwa ndani ya mradi wa kaboni. Shinyanga sheria ya malisho ilitoka kwa wazee na ikapata msaada wa wataalamu. Kaskazini, kwa mujibu wa waliokwenda mahakamani, mpango ulitoka ofisini ukawatafuta wazee baadaye. Nyasi ni zilezile na ng'ombe ni walewale. Kilichotofautiana ni nani aliyeanza kusema.

Hapa kuna pingamizi ninaloliona kuwa zito kuliko yote. Soko la kaboni lina kanuni ya nyongeza: mnunuzi hulipia tu kile ambacho kisingetokea bila pesa zake. Sasa kama kisiki kinamlipa mfugaji kwa nyasi na kuni, mkaguzi atasema angekitunza hata bila kaboni, na hivyo hastahili malipo. Je, hoja yangu haijajikaba koo? Sidhani, na jibu liko katika kalenda. Faida ya ngitili au ya kisiki kilichopogolewa huanza kuonekana miaka michache baadaye. Gharama huanza siku ya kwanza: ekari zilizofungwa hazilishi mifugo mvua hii, ua wa miiba unataka kazi, mtoto aliyekuwa shuleni anatakiwa afukuze mbuzi wa jirani, na gunia la makaa ambalo lingeuzwa Thika Jumamosi haliuzwi. Familia yenye njaa haiwezi kusubiri, ingawa inajua vizuri kabisa kinachokuja. Pengo hilo la miaka mitatu au minne ndilo limewazuia watu, na ndilo ambalo pesa za nje zinaweza kuliziba kwa haki. Mkaguzi akitaka nyongeza, hiyo ndiyo nyongeza.

Lakini miradi mingi hulipa kwa mpangilio wa kinyume. Miti hupimwa baada ya miaka kadhaa, mtu akizungusha utepe kwenye shina kwa kimo cha kifua, kipimo kikaingizwa kwenye fomula. Ripoti hukaguliwa, vyeti hutolewa, mnunuzi hutafutwa, na ndipo hundi huandikwa. Wakati huo aliyehitaji msaada ameshauza miti. Mpango wa TIST, ulioanza Tanzania mwaka 1999 na kufika Kenya mwaka 2004 ambako umeenea hasa kando ya Mlima Kenya, ulijaribu njia nyingine: wakulima wadogo hujiunga katika vikundi, huhesabu miti yao wenyewe, na hulipwa malipo ya awali ya senti 2 za dola kwa kila mti ulio hai kwa mwaka kabla ya faida ya mauzo kugawanywa. Kiasi hicho ni kidogo mno, na wanachama wana haki ya kudai zaidi. Utaratibu wenyewe ndio ninaousifu: vikundi vinavyogawana gharama ya ukaguzi, na pesa inayotangulia mavuno. Kwa wenye ekari tano, sita au kumi huko Munyu na Ngoliba, mlango wa kuingilia ni huo au hakuna.

Wako wanaosema miti ya asili inachelewa, heri mikaratusi. Kwa anayetaka nguzo za umeme na ana mvua ya kutosha, sawa. Kwenye malisho makavu mkaratusi hauna lishe kwa mbuzi na hunywa maji ambayo nyasi zinayataka, ilhali maganda ya mgunga yakianguka kiangazi ndiyo chakula kinachobakia, na mbuzi akiyala huzisambaza mbegu pamoja na samadi. Pia tuna fundisho la Baringo. Mti wa mathenge uliletwa katika nchi kavu miongo iliyopita kwa nia njema ya kuzuia jangwa, ukageuka janga lililoziba malisho. Mwaka 2006 wanakijiji wa huko walimleta mbuzi aliyeng'oka meno mahakamani Nairobi kama ushahidi. Mathenge una kaboni tele. Anayehesabu tani peke yake angeusifu. Kwa anayetaka mti wa mbao, mukau ni wa asili ya nyika zetu na watafiti wa KEFRI, taasisi yenye makao yake makuu Muguga hapa Kiambu, wameuboresha kwa miaka mingi; unaweza kupandwa mipakani huku visiki vikiachwa viinuke katikati.

Wengine hukataa kwa msingi wa haki: kwa nini mfugaji wa Yatta azuie mifugo yake ili kampuni ya Marekani iendelee kuchafua? Wanauliza vizuri. Januari 2023 gazeti la The Guardian la Uingereza na wenzake walichapisha uchunguzi uliodai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vyeti vya misitu ya mvua vilivyoidhinishwa na Verra havikuwakilisha upungufu wa kweli wa hewa chafu. Verra ilipinga, lakini imani ya wanunuzi ilitikisika na bei zikashuka. Mti uliorudi mahali palipokuwa patupu ni rahisi kuthibitisha kuliko mti ambao "ungekatwa", kwa kuwa picha za setilaiti za mwaka hadi mwaka zinaonyesha tofauti. Hilo halimsafishi mchafuzi. Linamwambia mfugaji kwamba bei ya cheti iko mikononi mwa wahariri wa London na wakurugenzi wa California, na kwamba mpango wa familia usiegemee hapo.

Na Thika yenyewe? Sehemu hizi zina mshindani ambaye Shinyanga haikumjua: ploti ya 50 kwa 100. Kutoka Ruiru hadi Juja ardhi iliyokuwa malisho na kahawa imekatwa vipande, na wimbi hilo linasogea mashariki. Hakuna bei ya kaboni duniani itakayoshindana na dalali wa ploti, na ni kumdanganya mtu kumwambia afunge ekari zake miaka thelathini mahali ambapo lami inafika kesho. Nafasi halisi iko mbali zaidi na barabara, kwenye mawe, miteremko na kingo za mito ya Athi na Thika, ambako hakuna anayejenga na jembe halizai kitu. Tena, ardhi nyingi hapa ina hati za watu binafsi. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanataka mradi wa kaboni wa ardhini ulio kwenye ardhi ya umma au ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo na wenyeji, na uwape kila mwaka angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Mwenye hati binafsi hana kinga hiyo ya asilimia. Anajadiliana mwenyewe, na mara nyingi na mtu aliyekuja na wakili.

Kwa hiyo mkataba usomwe kwa lugha ambayo mwenye shamba anaielewa, mbele ya mke au mume na watoto watakaourithi. Uandike wazi kwamba malisho ya kiangazi na kuni za kupogoa ni haki yake, useme malipo ya kwanza yanakuja mwaka gani na ni kiasi gani, na ueleze ukame ukiua miti hasara inabebwa na nani. Serikali za kaunti za Kiambu, Machakos na Kitui nazo zina sehemu yake, kwa kuwa ukifunga nyika ya Ngoliba bila kugusa jiko la Makongeni mjini Thika, lori litakwenda tu kilomita mia moja zaidi hadi Mwingi kutafuta mzigo. Gesi ya bei nafuu na makaa yanayotokana na mashamba ya miti yaliyopandwa kwa kazi hiyo vinafaa kuwa katika bajeti ileile inayotaja kaboni. Mama anayenunua makaa kwa mkebe jioni hununua kinachopatikana kwa bei anayoiweza, na bado mti uliokatwa nyikani ndio wa bei ya chini kuliko yote.